Tumbusi wa Michikichi na Ndugu Zake Walio Hatarini

Somo la redio kwa watu wazima. Maneno yafuatayo yamechapwa kama yalivyosemwa na Afisa Elimu, Kigoma.

Wale mnaosikiliza kwa vikundi, kiongozi wa kikundi na awe na kalamu na karatasi karibu, maana katikati ya somo kuna hesabu kidogo, na mwishoni yako maswali. Aliye nyumbani peke yake asihofu. Hesabu yenyewe si ngumu.

Somo la leo lahusu ndege. Najua wako watakaosema, "Leo Afisa Elimu amekosa la kutufundisha. Ametuletea habari za ndege, tena si kanga wala njiwa anayeliwa, bali tumbusi!" Nawaomba subira. Nimepata barua kutoka kwa msikilizaji mmoja wa upande wa Uvinza, mfugaji, naye ameuliza swali zito ambalo haliwezi kujibiwa bila kumjua ndege huyu. Barua yake nitaifikia baadaye kidogo.

Kwanza tupatane juu ya jina. Watu wa pwani husema tumbusi. Wengi wetu huku bara humwita tai, lakini neno hilo twalitumia kwa kila ndege mkubwa mwenye mdomo uliopinda. Katika somo hili nitawatenga. Tai ni yule awindaye: hukamata samaki, sungura, au kifaranga wako, na silaha yake ni makucha. Tumbusi ni yule ambaye kazi yake hasa ni kula kilichokwisha kufa. Mtazameni miguu. Mguu wa tai hufumba kama ngumi na kushika kwa nguvu nyingi. Mguu wa tumbusi wafanana zaidi na wa kuku. Ni wa kutembelea na kukanyagia, hauwezi kunyakua mnyama na kuruka naye. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba tumbusi amemchukua mwana-mbuzi wake mzima, mwambie atazame tena.

Sisi tukaao ukingoni mwa Ziwa Tanganyika tunaye tumbusi mmoja wa ajabu, ambaye watu wa Dodoma au Shinyanga hawamwoni. Ni tumbusi wa michikichi. Huenda umemwona mara mia na hukujua kwamba ni tumbusi. Ni mweupe kichwani, kifuani na tumboni. Mabawa yake yana weusi mwingi, na mkia ni mweusi wenye ncha nyeupe. Kuzunguka macho ana ngozi tupu ya rangi nyekundu-nyekundu. Wengi humchanganya na tai wa samaki, aitwaye pia kwazi. Lakini kwazi ana tumbo la rangi ya kahawia iliyoiva na mkia mweupe mtupu, na kelele zake husikika ng'ambo ya ghuba, hali tumbusi wa michikichi ni mkimya sana. Mtoto wake ni wa rangi ya udongo, na huchukua miaka kadhaa hata apate weupe wa wazazi wake.

Kioja chake ni chakula. Ndege huyu, wa ukoo wa wala mizoga, hula tunda la mchikichi! Hutua juu ya shada, akachomoa tunda kwa mdomo, akalishika kwa mguu mmoja, akaichuna ile nyama ya nje yenye mafuta. Mise iliyo ndani haimhusu. Mwaka 1957 mabwana wawili, Thomson na Moreau, waliandika juu ya ulaji wake. Huyu Moreau alikaa miaka mingi Amani, katika milima ya Usambara, na aliwajua sana ndege wa nchi yetu. Imeonekana kwamba kwa ndege mkubwa zaidi ya nusu ya chakula ni matunda hayo, na kwa kijana ni karibu chakula chote. Kinachobaki ni kaa, konokono, na samaki waliokufa ambao mawimbi huwatupa pwani. Basi mafuta yale yale ya mawese tunayopikia sisi nyumbani, yeye huyanywa mbichi huko juu.

Wako wakulima wamwitao mwizi. Sikatai kwamba hula. Lakini hula tunda moja moja, tena mara nyingi yale ya juu ambayo yameiva kupita kiasi. Nyani na ngedere hukutia hasara kubwa zaidi, na huko Gombe hata sokwe hula matunda hayo hayo. Tangu mwaka 2018 serikali imehimiza sana kilimo cha michikichi katika mkoa wetu, na Kituo cha Utafiti cha Kihinga kimekuwa kikizalisha miche ya mbegu bora. Hilo ni jambo jema. Ninachomwomba mkulima ni kimoja tu: anapong'oa michikichi ya kizamani ili apande mipya, aiache miti michache mirefu kando ya shamba, hasa kando ya vijito, maana ndege huyu hujenga kiota chake juu sana.

Sasa sikilizeni jambo la kushangaza. Kati ya tumbusi wa Afrika, huyu wa michikichi ni karibu yeye peke yake ambaye hali yake si ya kutia hofu. Ndugu zake wanaelekea kwisha. Mwaka 2015 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, liliandika aina nne za tumbusi wanaopatikana Tanzania katika daraja la hatari kubwa kabisa, lile lililo karibu na kutoweka. Nao ni tumbusi mgongo-mweupe, tumbusi wa Rüppell, tumbusi kichwa-cheupe, na yule mdogo mwenye kofia ya manyoya kisogoni. Wa tano, yule mkubwa mwenye ngozi iliyokunjamana shavuni, aliwekwa daraja moja chini ya hapo.

Kwa nini mmoja awe salama na wengine wafe? Bunduki si sababu kubwa, wala njaa. Sababu ni kwamba mmoja hula machikichi na wengine hula mizoga, na mizoga hutiwa sumu.

Tuwatazame hao ndugu zake kazini. Hatuwaoni sana hapa Kigoma mjini. Ukitaka kuwaona, uende bara kidogo, kupita Uvinza, kuelekea Moyowosi na Ugalla, au kusini mpaka Katavi. Asubuhi mapema hawaruki. Hukaa juu ya miti mikavu wakisubiri jua. Ardhi ikipata moto, hewa hupanda, na tumbusi hutandaza mabawa akapandishwa nayo kama jahazi lililopata upepo, bila kupiga bawa hata mara moja. Wa Rüppell ndiye apandaye juu kuliko wote. Mwaka 1973 mmoja aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan, katika nchi ya Côte d'Ivoire, kimo cha zaidi ya mita 11,000!

Huko juu hutazama mambo mawili. Hutazama chini kuona mnyama asiyejongea, na hutazama wenzake. Mmoja akianza kushuka, wa pili humwona akafuata, wa tatu akamwona wa pili, na hivi habari husafiri angani upesi kuliko barua. Ndiyo sababu mzoga ulio na ndege mmoja saa nne waweza kuwa na ndege mia saa tano. Litieni jambo hili akilini, maana nitalirudia.

Wakishatua wana desturi zao, kama watu kwenye meza ya bucha. Yule mkubwa wa mashavu ana mdomo wa kupasua ngozi ngumu, ambayo wengine hawaiwezi. Wa mgongo-mweupe ana shingo ndefu isiyo na manyoya. Huingiza kichwa chote ndani ya mzoga, na kwa kuwa hakuna manyoya, damu haimgandi. Yule mdogo wa kofia husubiri kando, na mdomo wake mwembamba huokota vipande vilivyobaki katikati ya mifupa. Tumboni mwao mna tindikali kali mno, iuayo vijidudu vingi vya maradhi ambavyo vingetudhuru sisi au mbwa wetu. Mzoga ulioachwa hivi huisha kabla haujapata nafasi ya kuoza.

Sasa barua. Mfugaji wetu aandika kwamba simba wameua ng'ombe wake wawili katika mwezi mmoja. Asema jirani yake amemshauri aupake mzoga wa pili dawa ya kuulia wadudu wa shambani na kuuacha pale pale, ili simba akirudi usiku afe. Yeye auliza: "Je, kuna ubaya gani? Ng'ombe ni wangu, dawa nimeinunua kwa fedha yangu."

Nashukuru kwa kuuliza kabla ya kutenda. Wala sitamwambia kwamba hasara yake ni ndogo. Ng'ombe wawili ni karo ya shule, ni mahari, ni akiba ya ugonjwa. Lakini na tufuate dawa hiyo tuone inakwenda wapi.

Simba huja usiku, au haji. Mchana ndio huja kwanza, na mchana ni wa tumbusi. Mmemsikia yule wa kwanza anavyowaita wenzake bila kujua. Wanatua, wanakula, na sumu kama karbofurani hushika mishipa ya fahamu. Ndege hufa hapo hapo au karibu na hapo. Fisi akija kula ndege waliokufa, naye hufa. Mbweha, mbwa wa kijijini, na hata nzi. Mzoga wa sumu mara nyingi hutambulika kwa nzi waliokufa kuuzunguka. Februari 2018, jirani na Hifadhi ya Ruaha, walikutwa simba 6 wamekufa kwa sumu. Pamoja nao walikutwa tumbusi 74.

Uchunguzi mmoja uliotolewa mwaka 2016 ulikusanya habari za vifo vya tumbusi zaidi ya 7,000 katika nchi 26 za Afrika. Katika kila vifo 100, 61 vilitokana na sumu, na 29 vilitokana na watu wanaotafuta viungo vyao kwa ajili ya dawa. Waliobaki wengi waliuawa na nyaya za umeme.

Haya, chukueni kalamu. Andikeni upande mmoja "kuku," upande wa pili "tumbusi." Tuseme kuku wako wa kienyeji huangua mara tatu kwa mwaka, vifaranga 10 kila mara. Hao ni 30. Tumbusi mgongo-mweupe hutaga yai 1. Baba na mama hulilalia kwa zamu kwa muda wa siku 56 hivi, na kinda hukaa kiotani karibu miezi minne. Likiruka, litangoja kama miaka mitano kabla ya kutaga yai lake la kwanza. Sasa, mwezi wa Juni 2019, kaskazini mwa Botswana, tumbusi 537 walikufa kwa sumu mahali pamoja. Tuseme katika nchi hiyo zimebaki jozi 50 zizaazo, na kila jozi yafaulu kila mwaka. Gawanyeni 537 kwa 50. Mnapata karibu miaka 11. Lakini hakuna ndege ambaye makinda yake yote huishi. Tukisema nusu hufa, miaka inakuwa zaidi ya 21. Kijana aliyezaliwa siku ile ya sumu atakuwa ameoa kabla hesabu haijatimia. Tena wale waliokufa wengi walikuwa wazazi, na kinda lisiloletewa chakula halina pa kwenda.

Hao wa Botswana hawakuuawa na mfugaji. Waliuawa na majangili wa pembe za ndovu, waliotia sumu katika mizoga ya tembo watatu. Jangili anajua kwamba tumbusi wakizunguka angani, askari wa wanyama wataona na kufuata. Kwake yeye tumbusi ni shahidi, naye ataka shahidi afe.

Mtu aweza kusema, "Na wafe, mizoga italiwa na wengine." Wahindi walilijaribu jambo hilo bila kukusudia. Kule India ng'ombe aliyekufa aliachiwa tumbusi, nao walikuwa mamilioni. Kati ya mwaka 1992 na 2007, aina moja ilipungua hata katika kila ndege elfu akabaki mmoja tu. Kwa muda mrefu hakuna aliyejua sababu. Mwaka 2004 wachunguzi waliofanya kazi Pakistan waliipata: ni diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo sisi pia twaijua hospitalini. Ng'ombe walikuwa wakipigwa sindano yake, na tumbusi akila ng'ombe huyo figo zake huharibika akafa. Mwaka 2006 India, Pakistan na Nepal zilikataza dawa hiyo kwa mifugo. Lakini mizoga ilikwisha kurundikana, mbwa wasio na wenyewe wakaongezeka, na kichaa cha mbwa pamoja nao. Maji nayo yakachafuka. Wanauchumi wawili waliotoa hesabu yao mwaka 2024 walikadiria kwamba katika miaka mitano, tangu 2000 hata 2005, watu kama nusu milioni walikufa ambao wasingalikufa kama tumbusi wangalikuwapo. Mwenye mifugo na akumbuke hili anapozungumza na bwana mifugo. Ipo dawa nyingine ya maumivu, meloksikamu, ambayo haimdhuru ndege huyu.

Nigusie upesi habari ya uganga. Wako wanaouza kichwa cha tumbusi kwa kusema kwamba humwezesha mtu kuona mambo yajayo. Mwanzoni mwa mwaka 2020 huko Guinea-Bissau walikufa tumbusi zaidi ya 2,000, na wengi walikutwa hawana vichwa. Mimi nauliza tu: kama kichwa hicho kingekuwa na uwezo wa kuona yajayo, mwenyewe angetua kwenye chakula cha sumu? Tena ndege auzwaye hivyo mara nyingi ameuawa kwa sumu, na anayesaga kichwa chake na kukinywa anainywa na sumu yenyewe.

Turudi Uvinza. Ndugu mfugaji, mzoga huo usiutie kitu. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 yakataza sumu, na ukikamatwa hasara itakuwa kubwa kuliko ng'ombe wawili. Lakini sheria peke yake haimfukuzi simba, basi nikuambie la kufanya. Siku ile ile mnyama anapouawa, mwite mwenyekiti wa kijiji aje aone, piga picha kwa simu ukiwa nayo, na upeleke habari kwa afisa wanyamapori wa wilaya, ambaye wazee wetu bado humwita Bwana Nyama. Tangu mwaka 2011 ziko kanuni za kifuta machozi kwa aliyeharibiwa mali na wanyama wakali. Fedha hiyo si bei ya ng'ombe, nakubali, na pengine huchelewa. Lakini asiyeandikisha hapati hata hiyo.

La pili ni boma. Simba mara nyingi humpata ng'ombe aliyelala nje, au hulitisha boma dhaifu mpaka ng'ombe walivunje wenyewe na kutoka mbio. Wamasai wa Simanjiro wamefanya jambo zuri: huchomeka magogo ya miti iotayo upesi, wakaiacha ichipue, na katikati ya miti hufunga waya wa wavu. Mti hukua, waya hukazwa nao, na boma laongezeka nguvu kila mwaka badala ya kuoza. Waya una gharama, ndiyo. Lakini wafugaji watatu au wanne wakichanga waweza kuanza na boma la ndama.

Na mtu yeyote akikuta mzoga wenye ndege waliokufa kuuzunguka, asiuguse kwa mikono mitupu, awazuie watoto na mbwa, na asimruhusu mtu kuchukua nyama hata kipande. Atoe habari upesi, ili mzoga na ndege wote wachomwe au wafukiwe shimo refu mbele ya mkuu wa wanyama. Mzoga mmoja ukiwahiwa asubuhi, ndege mia wanapona mchana. Na hao mia si wa Uvinza peke yake. Tumbusi waliofungwa vyombo vidogo vya kuwafuatia huko Masai Mara, nchini Kenya, walionekana wakivuka mpaka kuja kula Tanzania. Na wengine wamefungwa vyombo hivyo Ruaha na Katavi. Ndege hawa hawaulizi cheti mpakani.

Sasa maswali kwa vikundi. La kwanza: katika kijiji chenu, mnyama akifa kwa ugonjwa mzoga hupelekwa wapi, na nani huufikia kwanza? La pili: waulizeni wazee kama waliona tumbusi wengi zaidi zamani, na wapi walikuwa wakilala. Andikeni majina ya mahali hapo. La tatu ni kwa wale wa pwani ya ziwa, kuanzia Kibirizi mpaka Ujiji na vijiji vya kusini: jioni moja wiki hii, kabla ya jua kuzama, hesabuni tumbusi wa michikichi mtakaowaona, wakubwa weupe mbali na vijana wa rangi ya udongo mbali. Barua zenu nitazisoma redioni.

Somo lijalo litahusu ukaushaji wa dagaa juu ya chanja, na kwa nini dagaa wa mchangani huuzwa bei ya chini. Mama zetu wa Katonga wameomba somo hilo kwa muda mrefu. Mpaka wakati huo, kwa herini.